YALIYOPITA NI NDWELE

Mwezi wa Mei, mwaka 2014, katika kijiji cha Gasuma mkoani Simiyu, mwanamke mmoja mwenye ualbino aliuawa, na wauaji wakaondoka na baadhi ya viungo vyake. Polisi waliwakamata watu waliodaiwa kuwa waganga. Habari ile ilizunguka ulimwengu kwa siku chache, kisha ikazimika kama moto wa mabua.

Leo hatuandiki juu ya wauaji. Wauaji wana polisi wao na mahakama yao. Twaandika juu ya wale waliobaki: jamaa walioukuta mwili, watoto wa jirani waliosikia mayowe ya watu wazima, na kila mzazi wa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega mwenye mtoto wa namna ile, au mwenye mama mkongwe aliyekwisha kunong'onwa kuwa mchawi, ambaye tangu hapo mbwa akibweka usiku huketi kitandani akisikiliza. Watu hawa hawamo katika hesabu ya waliokufa wala katika hesabu ya waliojeruhiwa. Hawana kovu la kumwonyesha mganga mkuu wa wilaya. Asubuhi huonekana wakienda shambani kama watu wengine, na sisi twasema wamekwisha kupoa.

Wazee wetu walisema kwamba yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Methali hii yasemwa sana matangani, na husemwa kwa wema. Lakini ilitungwa kwa ajili ya watu waliogombana, wasiendelee kuhesabiana makosa. Haikutungwa kwa ajili ya mama aliyeona mamaye akikatwa mapanga mlangoni. Kwake yeye yaliyopita ndiyo ndwele yenyewe, na kumwambia agange yajayo ni kumwambia atembee na mguu uliovunjika kwa kuwa ulivunjika jana.

Kiswahili hakina umaskini wa maneno katika jambo hili. Tunalo neno kihoro, tunalo fadhaa, tunalo bumbuazi. Wataalamu wa siku hizi wamechagua neno kiwewe, nao hawakukosea. Maana yake katika utabibu ni hii: mtu aliyepatwa na jambo la kutisha mno hurudiwa na jambo lile, ndotoni na hata akiwa macho, si kama kumbukumbu bali kana kwamba latukia sasa hivi. Huikwepa njia, nyumba, harufu au jina lolote litakalomkumbusha. Hushtuka kwa kishindo kidogo. Usingizi humwacha, hasira humjia bila sababu, na mapenzi kwa watoto wake mwenyewe huweza kupoa, jambo ambalo humwaibisha kuliko yote. Hali hiyo ikidumu kwa zaidi ya mwezi mmoja na kumharibia maisha yake, huo ni ugonjwa.

Ulimwengu ulichelewa kuukubali. Mwaka 1915 Charles Myers, daktari wa Kiingereza, aliandika habari za askari waliotoka kwenye mizinga ya Ufaransa wakiwa wamepotewa na kumbukumbu na nguvu ya kuona, ilhali miili yao haina jeraha la kutosha kueleza hayo. Hata hivyo katika vita ile ile Waingereza waliwapiga risasi askari wao wenyewe kwa makosa ya woga na utoro, na ilikuwa mwaka 2006 ndipo 306 kati yao waliposamehewa wakiwa makaburini. Vijana wa Tanganyika waliokwenda Burma na jeshi la K.A.R. katika vita ya pili walirudi na nishani; hatujapata kusikia kwamba yeyote aliulizwa jinsi anavyolala. Jina la ugonjwa huu liliingizwa rasmi katika kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, baada ya vita ya Vietnam.

Yafaa tuseme mapema jambo moja ili tusiwatie watu hofu nyingine. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba kiasi cha watu 70 katika kila 100 duniani hupatwa na tukio la kutisha wakati fulani wa maisha yao, lakini ni wachache tu, chini ya sita katika kila 100 wa hao, wanaoingia katika ugonjwa huu. Na kati ya wanaougua, hadi 40 kwa kila 100 hupona katika muda wa mwaka mmoja. Katika nchi zilizopigwa na vita, ambako tisho halikomi, shida za akili za kila namna huwapata watu kiasi cha mmoja katika kila watano. Basi binadamu si chungu cha udongo, kwamba kikianguka kimekwisha. Wengi huinuka. Lililo muhimu kwetu ni kujua ni nini kiwainuacho, na ni nini kiwazuiacho wengine wasiinuke.

Hapa ndipo Usukuma unapokuwa na shida ya peke yake.

Simiyu ulifanywa mkoa mwaka 2012, Bariadi ikawa makao makuu. Hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilikuta huko zaidi ya watu milioni mbili. Ni nchi ya pamba na ng'ombe, nchi ya watu wenye bidii waliozoea kulima pamoja kwa ngoma, Wagika upande huu na Wagalu upande huu, wakishindana kwa nyimbo na jembe. Lakini ni nchi hii hii, pamoja na Shinyanga na Mwanza ambako wilaya hizi zilimegwa, iliyobeba mzigo mkubwa wa mauaji ya watu waliotuhumiwa uchawi. Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni mmoja wa watu waliolichunguza jambo hili kwa makini. Hesabu zilizokusanywa za miaka ya 1970 hadi 1984 zilionyesha kwamba katika Tanzania Bara waliuawa watu zaidi ya 3,600, wanawake wakiwa wengi kuliko wanaume, na kwamba sehemu kubwa ya mauaji hayo ilikuwa Usukuma. Wazee wa kike ndio walioandamwa. Macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa kupikia miaka 50, hasa kule ambako miti imekwisha na samadi ya ng'ombe ndiyo kuni, na wekundu huo ukafanywa ushahidi. Mara nyingi nyuma ya tuhuma palikuwa na shamba, au ng'ombe, au urithi wa mjane.

Wimbi la kuwawinda watu wenye ualbino lilikuja baadaye, tangu miaka ya 2006 na 2007, nalo lilipofika mwaka 2015 idadi ya waliouawa nchini ilikuwa imepita 70. Januari mwaka ule Serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli. Mauaji yalipungua sana, ila hayakufa: Mei 2024 mtoto mdogo wa Kagera, ambaye hata miaka mitatu hajatimiza, alinyakuliwa mikononi mwa mamaye, na mwili wake ukaonekana mwezi uliofuata.

Sasa msomaji atazame tofauti. Mkimbizi aliyevuka mpaka amemwacha adui ng'ambo. Askari aliyerudi kutoka vitani amerudi kwao. Lakini mjane wa kijijini ambaye dada yake aliuawa kwa tuhuma ya uchawi anajua kwamba wenye mapanga walikodiwa, na kwamba aliyetoa fedha pengine ni mtu wanayechota naye maji kisima kimoja. Mzazi wa mtoto mwenye ualbino amesikia kesi ambamo jamaa wa nyumbani walishtakiwa. Adui wake hana sare wala mpaka. Yu katika ukoo, yu sokoni, yu katika foleni ya kupima pamba. Hofu ya mama huyu si ugonjwa mtupu. Nusu yake ni akili timamu. Ni kazi ngumu kuzitenga nusu hizo mbili, na daktari asiyejua habari za kijiji hawezi kuzitenga.

Wako watakaosema: mambo haya ni ya wataalamu, na wataalamu hatuna. Ni kweli kwamba madaktari wa akili nchini mwetu ni wachache mno, na kwamba kwa mtu wa Meatu hospitali ya Mirembe huko Dodoma ni safari ya nauli kubwa. Lakini uchunguzi uliofanywa na majirani zetu katika miaka hii ya karibuni umevunja hoja hiyo.

Tuanze na Uganda. Katika kambi ya Nakivale, Frank Neuner na wenzake waliwachukua wakimbizi wa Kinyarwanda na Kisomali, watu wa kawaida wasio na shahada ya utabibu, wakawafunza kwa majuma sita, kisha wakawapa kazi ya kuwahudumia wakimbizi wenzao wenye kiwewe. Habari zake zilichapishwa mwaka 2008. Waliohusika walikuwa 277. Njia iliyotumiwa ni rahisi kueleza. Kamba hutandazwa chini, ndiyo maisha ya mtu tangu kuzaliwa. Penye jambo jema huwekwa ua, penye balaa huwekwa jiwe. Kisha mtu husimulia, siku baada ya siku, akifuata kamba yake; akifika penye jiwe hasukumwi kuliruka wala haachwi peke yake pale, bali husaidiwa kusema ilikuwa saa ngapi, wapi, nani alikuwapo, alisikia nini, na baada ya hapo ikawaje. Maana kumbukumbu ya hofu hukaa vipande vipande, haina tarehe wala mahali, ndiyo sababu hurudi kana kwamba ni leo. Ikipewa mahali pake katika kamba, huanza kuwa jambo la juzi.

Baada ya miezi tisa, 70 katika kila 100 waliosimulia namna hiyo hawakuhesabika tena kuwa wagonjwa. Wengine walipewa mazungumzo ya kawaida ya ushauri na wafunzwa wale wale, na kati yao 65 katika kila 100 walipona. Wale waliokuwa wakifuatiliwa tu bila huduma, ni 37. Twaomba msomaji azitazame hesabu mbili za kwanza: tofauti yake ni ndogo. Sisi twaona kwamba kamba na mawe ni chombo kizuri, lakini nguvu kubwa ilikuwa katika mtu: mwenzio aliyefunzwa, asemaye lugha yako, aliyeyapitia kama wewe, na ambaye atarudi tena juma lijalo kama alivyoahidi.

Kongo ya mashariki ilitoa ushahidi mwingine. Mwaka 2013 Judith Bass na wenzake walichapisha habari za wanawake wa Kivu ya Kusini waliotendewa ukatili na watu wenye silaha. Katika vijiji vingine wanawake 157 walikutana katika vikundi vya watu sita hadi wanane, mikutano 11 baada ya mazungumzo ya mmoja mmoja. Katika vijiji vingine wanawake 248 walipata msaada wa mtu mmoja mmoja tu. Waliowaongoza hawakuwa madaktari. Sharti lilikuwa angalau miaka minne ya shule baada ya msingi. Miezi sita baada ya kazi kwisha, waliobaki na dalili za sonona au wasiwasi mkubwa katika vikundi walikuwa 9 kwa kila 100. Kwa wale wengine, 42. Hatutaki kutia chumvi: si wanawake wote walioonekana tena kwenye kila kipimo, kama iwavyo katika nchi yenye vita. Hata hivyo pengo kati ya 9 na 42 si jambo la kupuuza. Na wanawake wale waliendelea kuishi penye hatari.

Kwetu Tanzania tunao mfano wa Moshi, na huu twaupenda kwa kuwa hautoi jibu jepesi. Yatima 640 wa umri wa miaka 7 hadi 13, nusu wa Moshi na nusu wa Bungoma nchini Kenya, walishirikishwa. Nusu yao wakakutana katika vikundi mara 12 chini ya washauri wasio madaktari, na nusu wakabaki na misaada ya kawaida wapewayo yatima. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Huko Bungoma, mwaka mmoja baadaye, watoto wa vikundi walikuwa na nafuu kuliko wenzao. Huko Moshi watoto wote walipata nafuu, na mwisho wa mwaka walikuwa sawasawa. Yaani wako watoto ambao, wakipata nyumba iliyotulia, shule, na mlezi mwenye huruma, hujiponya. Na wako ambao mazingira yao ni mazito hata msaada wa kawaida hauwatoshi. Kiongozi mwenye busara hatauliza tu "ushauri nasaha wafaa au haufai?" Atauliza kijiji hiki kimempa mtoto huyu nini.

Kuna jambo moja ambalo uchunguzi umelikataza. Yako mashirika ambayo, mara balaa litokeapo, huja na gari, hukusanya waathirika siku moja, huwatoa machozi, hupiga picha, kisha huondoka. Utafiti wa nchi nyingi uliokusanywa pamoja mwaka 2002 ulionyesha kwamba kumlazimisha mtu kusimulia mara moja tu baada ya tukio hakumkingi na kiwewe, na huweza kumzidishia. Twawaomba viongozi wa vijiji vya Simiyu wawe wakali katika hili. Siku za kwanza mtu ahitaji chakula, usalama, ndugu zake karibu naye, na uhuru wa kunyamaza.

Usalama ndio msingi wa yote, nao una bei yake. Mauaji yalipochacha, watoto wenye ualbino kutoka mikoa ya Kanda ya Ziwa walikusanywa katika vituo kama Buhangija, Shinyanga. Hatuwezi kuwalaumu waliofanya hivyo. Palikuwa na mapanga nje. Lakini mtoto wa miaka mitano aliyetolewa kwa mamaye na kuwekwa nyuma ya ukuta pamoja na mamia ya wenzake amepata jeraha jingine juu ya lile la kwanza. Wako ambao wazazi waliacha kuwatembelea. Kumrudisha mtoto wa namna hii nyumbani ni sehemu ya tiba, wala si hatua ya makaratasi. Kijiji hakina budi kutayarishwa kabla yake: shule ijue, majirani waapishwe mbele ya wazee, na mama apate mtu wa kumwendea usiku.

Hapa twataja mfano wa Harare, Zimbabwe, ambao hatuwezi kuusoma bila kuona haya. Mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda, alipokosa wauguzi wa kumsaidia, alipewa bibi wazee 14 wa mtaa wa Mbare. Akawafunza, akawaweka kwenye mabenchi nje ya zahanati, na mtu mwenye mzigo wa mawazo, ambao Washona huuita kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi, akaketi na bibi akasikilizwa. Mwaka 2016 uchunguzi wa wagonjwa zaidi ya 500 ulithibitisha kwamba kazi ya bibi wale huponya, na mabenchi yamekwisha kufika Malawi na Zanzibar. Hiyo si tiba ya kiwewe peke yake, ni ya sonona na wasiwasi kwa jumla. Lakini tazama: kule bibi mzee ni daktari wa mtaa, kwetu Usukuma bibi wa umri ule ule, mwenye macho yale yale, alikuwa akilala akiogopa mlango wake.

Huko Magu, jirani na Busega, wananchi wenyewe pamoja na mashirika yanayotetea wazee walikwisha kuonyesha njia. Walijenga majiko sanifu yasiyotoa moshi mwingi, wakaimarisha nyumba za wajane, wakazungumza na waganga na vijana. Jiko si dawa ya akili, mtu atasema. Kwa mwanamke ambaye wekundu wa macho ndio hati yake ya kifo, jiko ni dawa ya akili.

Basi ni nani afanye kazi hii Bariadi? Baadhi ya wenzetu wameipendekeza dagashida, mkutano mkuu wa wananchi wa Kisukuma. Sisi twasita. Dagashida ina heshima na nguvu, na kwa kiapo cha kumlinda mtoto anayerudi nyumbani hakuna baraza lililo bora kuliko hilo. Lakini zama za Sungusungu mabaraza ya namna hiyo yalipata pia kuwatenga na kuwafukuza watuhumiwa wa uchawi. Mjane hawezi kutandaza kamba yake mbele ya mkutano ambao huenda ulikaa kimya dada yake alipofukuzwa. Kusimulia kwataka chumba kidogo, watu wachache, na siri.

Watu hao wachache twaweza kuwapata bila kungoja hospitali mpya. Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, watu zaidi ya 137,000 kwa miaka mitano, watokao vijijini mwao wenyewe. Wanafunzwa malaria, uzazi, lishe na kifua kikuu. Tunachotaka ni kwamba wale wa Simiyu waongezewe majuma yale sita ya Nakivale, wapewe msimamizi katika hospitali ya mkoa wa kumwendea mambo yakiwazidi, na wasifanyishwe kazi hii bure kwa kisingizio cha uzalendo. Asikilizaye majeraha ya wengine naye huchoka. Asiye na msimamizi huacha au hunywa pombe.

Na wachaguliwe kwa uangalifu. Mhudumu ambaye ukoo wake umetajwa katika tuhuma za kijiji kile apelekwe kijiji kingine. Wanawake wazee wawemo. Watu wenye ualbino wawemo, si kama mfano wa kuonyeshwa jukwaani, bali kama washauri wenye kulipwa. Vikundi visizidi watu wanane, na vikutane katika miezi ambayo pamba haijahitaji palizi wala haijaanza kupimwa, maana mwanamke atakayechaguzwa kati ya palizi na kikundi atakwenda palizi, na hatakosea.

Halmashauri tano za wilaya na ile ya mji wa Bariadi hupanga bajeti kila mwaka. Wafanyakazi wa viwanda vya kuchambua pamba, walimu, wauguzi na wanachama wa ushirika wanao madiwani wao. Twawasihi wawaulize, kabla ya bajeti ijayo kupitishwa, ni fedha kiasi gani zimetengwa kwa ajili ya watu wasiolala usiku, na ziko katika fungu gani.